Gari linamisi asubuhi za kipupwe: ni oktani au ni baridi?

Msomaji wa Nzuguni, Dodoma, ameandika:

"Shikamoo fundi. Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ. Nililinunua Dar es Salaam nikaja nalo Dodoma ofisi yetu ilipohamia huku. Dar halikuwahi kunisumbua. Tangu mwezi wa sita, nikiliwasha saa kumi na mbili asubuhi linatetemeka, linamisi, na taa ya injini inawaka na kuzima. Nikikaribia Ihumwa linatulia kabisa, utadhani si lenyewe. Jioni halina shida yoyote. Wenzangu kazini wanasema petroli ya huku oktani yake ni ndogo, ninunue ile dawa ya chupa ya kuongeza oktani. Fundi wa mtaani anasema ni baridi tu, litazoea. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mwanangu. Wote wamekosea, ila fundi wako amekosea kidogo kuliko wenzako. Baridi ina mkono wake hapo. Oktani haimo, isipokuwa kwa njia moja ya wizi nitakayoifikia baadaye. Na hilo neno "litazoea" lifute kichwani, chuma hakizoei.

Kwanza hiyo taa. Ikiwaka na kutulia, una nafasi ya kufika kwa fundi kwa wakati wako. Ikiwa inawaka na kuzima, kompyuta inakwambia kuna petroli inayopita kwenye silinda bila kuungua na kwenda kuungulia kwenye ekzosti, ndani ya kile chombo chenye sega cha kusafisha moshi. Sega likipata moto kupita kiasi linayeyuka na kuziba, na hapo gari litakosa nguvu kweli, asubuhi na jioni. Kwa hiyo taa ikipepesa usikanyage mafuta kwa hasira ukidhani unalisafisha. Nenda polepole, au subiri litulie.

Sasa oktani, maana neno hili limegeuzwa kama jina la dawa ya nguvu. Oktani ni uvumilivu. Pistoni ikipanda inaubana mchanganyiko wa hewa na petroli, na kitu kikibanwa kinapata joto. Plagi inatoa cheche, moto unaanzia pale na kusambaa. Petroli yenye oktani ya kutosha inavumilia mpaka moto uifikie. Yenye oktani ndogo, ile sehemu iliyo pembeni inashindwa kusubiri na kujilipukia yenyewe, na wewe unasikia mlio kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo la maziwa ya unga. Ndiyo gari kugonga. Namba yenyewe ilianza mwaka 1926, pale Mmarekani Graham Edgar alipochagua vimiminika viwili vya kulinganishia: isooktani, mvumilivu, akaipa 100, na heptani, isiyo na subira, akaipa 0. Petroli ikiandikwa 91 maana yake inavumilia sawa na mchanganyiko wa 91 ya ile na 9 ya hii. Hakuna mahali popote kwenye hesabu hiyo panaposema petroli ya 95 ina nguvu zaidi au inawaka upesi zaidi.

Jiulize basi ni lini injini inahitaji uvumilivu huo. Ni pale inapokuwa ya moto na imebeba mzigo. Umetoka Mtera, unapanda Nyang'oro kwenda Iringa saa nane mchana, watu watano ndani, magunia nyuma, gia kubwa, mguu umezama kwenye mafuta: hapo ndipo petroli dhaifu inaumbuka. Injini iliyolala nje usiku kucha, ikaamshwa alfajiri na kuachwa ingurume pale pale uani, iko mbali na kugonga kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake. Tena kugonga na kumisi ni magonjwa mawili. Inayogonga imewaka vibaya. Inayomisi haikuwaka, silinda moja imekaa kimya wakati wenzake wanafanya kazi, ndiyo maana gari linatetemeka kama mtu anayechechemea.

Wenzako wamesahau na jambo jingine: mmehama kutoka pwani mkapanda. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko pale Kivukoni. Silinda inavuta hewa kidogo, kwa hiyo inabana kidogo, kwa hiyo petroli inateswa kidogo. Gari lile lile linadai oktani ndogo Dodoma kuliko Dar. Kule Marekani, jimbo la Colorado lililo milimani, vituo vinauza petroli ya 85 wakati majimbo ya chini yanaanzia 87, kwa kipimo chao wenyewe, desturi ya tangu enzi za kabureta. Kwa hiyo kama petroli ilikutosha Dar kwenye joto na hewa nzito, haiwezi kukupungukia huku kwa sababu ya oktani.

Ukitaka kujua gari lako linadai nini, usiulize kijiweni. Fungua kifuniko cha tenki usome karatasi iliyobandikwa ndani. Kwa magari yetu ya kutoka Japani imeandikwa Kijapani. Ipige picha kwa simu, programu ya kutafsiri itakusomea. IST ni gari la petroli ya kawaida, na kiwango cha Japani cha petroli ya kawaida kinaanzia 89 tu. Petroli yao ya daraja la juu inaanzia 96, na hiyo inadaiwa na magari kama Subaru za turbo. Mwenye Forester ya turbo ana haki ya kuhangaikia oktani. Wewe huna.

Na ile chupa, mwanangu, iache dukani. Dawa nyingi za aina hiyo zina kemikali yenye madini ya manganizi, ambayo hubaki kwenye plagi kama ukoko wa rangi ya matofali. Ukoko ukinenepa, umeme unapita juu yake badala ya kuruka kwenye upenyo, na cheche inapotea. Nimewahi kufungua plagi nyekundu kama udongo wa Kondoa za mtu aliyetumia dawa hiyo miezi kadhaa ili gari lisimisi. Dawa ndiyo iliyokuwa inammisisha.

Turudi kwenye baridi. Usiku wa Julai hapa hushuka mpaka 13 au 14, na upepo wa kipupwe unaufanya uhisi kama 10. Wenzetu wa Makete, ambako majani huamka na barafu, wakitusikia tunalalamika watacheka, na magari yao yanawaka. Petroli safi inatoa mvuke wa kuweza kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi ya nyuzi 13 peke yake haina ubavu wa kuzima silinda ya injini isiyo na ubovu. Inachofanya ni kuondoa unafuu uliokuwa unaficha ubovu.

Nikueleze unafuu huo unavyofanya kazi, kwa sababu ndiyo siri ya gari lako kutulia Ihumwa. Kwenye ekzosti kuna sensa ya oksijeni. Inanusa moshi na kuiambia kompyuta: petroli imezidi, au hewa imezidi. Kompyuta inasahihisha mara nyingi kwa dakika. Lakini sensa hiyo haifanyi kazi mpaka ipate moto. Ikiwa baridi imelala, na kompyuta inaendesha kwa kukariri: inasoma joto la maji ya injini, inafungua jedwali lake, inamwaga petroli kiasi kilichoandikwa, basi. Jedwali liliandikwa kwa injini mpya isiyovuja popote. Sasa kama injini yako inavuta hewa ya wizi mahali fulani, mchanganyiko unakuwa mwepesi mno na silinda moja haiwaki. Baada ya muda sensa inaamka, inagundua hewa imezidi, kompyuta inaongeza petroli, gari linatulia. Ugonjwa upo palepale, umepata mtu wa kuuziba tu.

Hewa hiyo ya wizi mara nyingi inaingilia kwenye gasketi ya manifodi ya inteki, yaani kizibo cha maungio kati ya injini na bomba linalogawia silinda hewa. Kwenye injini nyingi ndogo za Toyota gasketi hiyo ni ya mpira uliokaa kwenye mfereji. Mpira ukiwa mpya unajaza mfereji. Ukizeeka unakuwa mgumu kama ukucha, na ukipata baridi unasinyaa na kuacha upenyo. Injini ikipata joto unatanuka na kuziba. Dar, ambako usiku wa Julai huzunguka nyuzi 18 hadi 20, huenda ulikuwa unaziba kwa shida. Hapa umeshindwa. Na tusiisingizie Dodoma peke yake, mpira huo umezeeka pia tangu uhame.

Ubovu huu ulinitia aibu mwenyewe. Niliwahi kuletewa Noah yenye dalili kama zako. Kila ikifika gereji, saa nne asubuhi, inanguruma kama cherehani mpya. Nikabadilisha plagi. Ikarudi. Nikabadilisha koili mbili, vile vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche, nikamtoza mwenye gari hela yake. Ikarudi. Mara ya tatu nikamwomba ailaze kwangu. Alfajiri nikafungua boneti kabla sijagusa kitu, nikamwambia kijana apige stata. Ikawaka ikichechemea, na kwenye kelele ile nikasikia sauti nyembamba, msss, kama sufuria inayokaribia kuchemka, chini ya manifodi. Nikaazima kwa kinyozi jirani ile chupa yake ya kunyunyizia maji wateja, nikanyunyiza kidogo kidogo kwenye maungio. Nilipofika silinda ya tatu, injini ikatulia ghafla, kama mtoto aliyepewa ziwa, maji yalipokwisha ikaanza tena. Gasketi. Kipande cha mpira kinachoingia mfukoni. Hela ya koili nilimrudishia, si kwa hiari sana.

Jaribio hilo la maji unaweza kulifanya mwenyewe, ila angalia nywele, mtandio na mikono visikaribie mikanda inayozunguka, na usinyunyizie koili. Wapo mafundi wanaonyunyiza petroli badala ya maji kwa sababu inaonyesha upesi zaidi. Inaonyesha upesi, na inaunguza upesi.

Lakini gasketi ni mtuhumiwa wangu wa kwanza tu. Koili na plagi nazo zina sauti yao ya baridi. Injini yako ina koili nne, kila moja imekaa juu ya plagi yake ndani ya shimo. Koili iliyopata ufa mwembamba, au shimo lililoingia oili kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, humisi zaidi asubuhi. Kupima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Fundi mwenye mashine asome namba ya kosa. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. P0300 ni kumisi kunakohamahama, na hiyo inaelekea zaidi kwenye hewa au petroli kuliko kwenye koili moja. Tuseme imesoma P0301. Mwambie ahamishe koili ya kwanza aipeleke ya tatu, ya tatu aje ya kwanza, afute kosa, gari lilale. Asubuhi likisoma P0303, ugonjwa umehama na koili, nunua koili moja. Likibaki P0301, koili haina hatia. Fundi anayekwambia ununue zote nne kabla ya kufanya hivyo anabahatisha kwa hela yako, kama nilivyobahatisha mimi.

Plagi zikitolewa, usikubali zitupwe kabla hujaziangalia. Ishike juani, geuza ncha. Yenye afya ina rangi ya kijivu au kahawia hafifu, kama vumbi la barabara ya mtaani kwenu. Nyeusi kavu, inayopaka vidole kama masizi ya chungu, ni ya injini inayopewa petroli nyingi au isiyopata joto. Iliyolowa na kunuka petroli ni ya silinda isiyowaka. Iliyolowa oili, tuzungumze siku nyingine, na uje na kiti. Nyeupe yenye vidoadoa kama pilipili manga ndiyo alama ya kugonga na joto kubwa, na nitashangaa sana ukiikuta kwenye gari lako. Upenyo wa plagi za injini hii ni milimita 1.1. Chuma kikilika na upenyo ukapanuka, koili inahangaika kurusha cheche. Na plagi bandia zimejaa. Zinauzwa kwenye boksi zuri kuliko la halisi.

Nimetaja injini isiyopata joto. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona magari mengi yaliyotoka Dar na kilema hiki. Gari likichemsha kule kwenye foleni, kuna fundi anayeng'oa themostati, kile kivalvu kinachozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ifike kama nyuzi 82, akakitupa, akasema "huku kwetu ni joto, haihitajiki." Gari likaacha kuchemsha, fundi akaonekana bingwa. Ukweli ni kwamba tatizo la rejeta au feni lilifunikwa tu. Ukilileta gari hilo Dodoma mwezi wa saba, kwenye upepo huu, linakwenda mpaka Mtumba bila kupata joto lake. Kompyuta inadhani bado ni alfajiri, inaendelea kumwaga petroli ya kuamshia. Plagi zinakuwa nyeusi, petroli inaisha upesi, oili inachujuka, na asubuhi inayofuata unaanza na plagi chafu. Kama dashibodi yako ina ile taa ya bluu ya injini baridi, hesabu dakika. Ikizima ndani ya dakika nne au tano za kuendesha, sawa. Ikikufuata mpaka karibu na ofisi, muulize aliyekuuzia gari themostati iko wapi. Sensa ya joto la maji nayo inaweza kudanganya, ila mashine itakuonyesha: gari lililolala usiku kucha lisome joto sawa na la hewa ya nje. Likisoma 60 alfajiri, sensa ni mwongo.

Halafu ile njia ya wizi niliyoitaja. Ipo hali moja ambapo oktani na baridi hukutana kwenye gari moja, nayo ni petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, kwa hiyo mlimani mchana gari litagonga. Tena hayaanzi kutoa mvuke wa kushika moto mpaka nyuzi 38 hivi, kwa hiyo alfajiri yenye nyuzi 13 yanabaki maji maji kwenye silinda, na gari linamisi. Ndiyo uchakachuaji uliotutesa mpaka serikali ikaanza kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa, mwaka 2010, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili mchanganyaji asibaki na faida. Tangu hapo kwenye vituo sikutani nao kama zamani. Kwenye vidumu na chupa za kando ya barabara, siapi. Dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto: safi inakauka bila kuacha kitu, yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta. Kwa kuwa gari lako halina tatizo jioni wala hujasema linagonga, siiweki juu kwenye orodha yangu. Ila kama uliwahi kujaza kidumu njiani, unajua mwenyewe.

Kitu kimoja ukiangalie kesho kabla ya vyote, kwa sababu ndicho pekee kisichosubiri. Kabla hujawasha, injini ikiwa baridi kabisa, fungua rejeta na chupa yake utazame maji. Kama yanapungua bila kuvuja chini, na asubuhi moshi ni mweupe mzito wenye harufu tamu ya kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta, maji yanaingia kwenye silinda usiku kupitia gasketi ya silinda hedi, na hiyo ndiyo silinda inayomisi. Usiliendeshe. Usichanganye tu na mvuke mwepesi wa kawaida na matone yanayodondoka kwenye bomba la ekzosti. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita nzima ya maji, na asubuhi ya baridi unayaona kwa macho. Hayo ni mazima.

Maji yakiwa salama, mpelekee fundi gari jioni, si asubuhi. Ukilipeleka asubuhi litafika limeshapona, atalipigia resi, atakwambia halina kitu, na utarudi nyumbani na tatizo lako. Liache lilale kwake. Mwambie asiliwashe wala asilisogeze mpaka saa kumi na mbili, na hiyo chupa ya kunyunyizia aiazime kwa kinyozi leo leo, kwa sababu alfajiri vinyozi hawajafungua.